Gia za Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimewafundisha watu wazima wengi kuendesha baiskeli ya gia, na jambo ninaloliona tena na tena ni hili: mtu ana baiskeli ya gia 21, anatumia moja. Ndiyo aliyoikuta siku aliyoinunua, na hapo cheni imekaa mpaka leo. Akifika kwenye kilima anashuka na kusukuma, kisha anajilaumu kwamba hana pumzi. Pumzi mara nyingi anayo. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi, na ninayajibu jinsi ambavyo ningependa kujibiwa nilipokuwa ninaanza.

Gia inafanya kazi gani hasa?

Inaamua jambo moja tu: ukizungusha pedali mzunguko mmoja kamili, baiskeli isogee umbali gani.

Chukua sproketi (kile kisahani chenye meno kinachoshika cheni) ya mbele yenye meno 48 na ya nyuma yenye meno 16. Gawanya 48 kwa 16, unapata 3. Maana yake gurudumu la nyuma linazunguka mara tatu kila miguu inapozunguka mara moja. Gurudumu la baiskeli ya barabarani lina mzingo wa karibu mita 2.1, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 6.3. Sasa hamisha cheni mpaka kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma. Jibu ni 1. Mzunguko mmoja, mita 2.1.

Una kilima cha mita 100 mbele yako. Kwa gia ile ya kwanza utakimaliza kwa mizunguko 16. Kwa ile ya pili utahitaji 48. Kilima ni kile kile, uzito wako ni ule ule, na kazi ya kuupandisha uzito huo hadi juu haijapungua hata kidogo. Ulichobadilisha ni namna ya kuigawa. Ni kama mtu anayehamisha rundo la matofali: anaweza kubeba kumi kumi au matatu matatu. Rundo halipungui, ila mgongo utakueleza tofauti.

Tofauti hiyo inafika mguuni kweli, au ni hesabu za karatasini?

Inafika, tena sana. Tuseme wewe na baiskeli kwa pamoja mna kilo 90, na mwinuko ni wa asilimia 10, yaani kila mita 10 za barabara zinakupandisha kama mita 1. Mwinuko huo unakuvuta nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 9. Mkono wa pedali wa milimita 170 unachora duara lenye mzingo wa takriban mita 1.07. Kwenye gia ya mita 6.3, mguu unasafiri mita 1.07 huku baiskeli ikisafiri karibu mara sita ya hapo, na gharama yake unailipa kwa nguvu: utasukuma pedali kwa wastani wa kilo 53 hivi, mzunguko baada ya mzunguko. Kwenye gia ya mita 2.1 wastani unashuka hadi kama kilo 18.

Na huo ni wastani tu. Pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa mguu hausukumi chochote cha maana, kwa hiyo ikiwa mbele unalazimika kusukuma kwa nguvu kubwa zaidi kufidia. Anayepanda kwa gia nzito analitwisha goti moja karibu uzito wa mwili mzima, kisha analitwisha jingine. Ndiyo maana magoti yanauma kabla mapafu hayajachoka.

Gia nyepesi ni ipi na nzito ni ipi? Mbona mbele na nyuma zinapingana?

Zinapingana kweli, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mbele, sproketi ndogo ndiyo nyepesi. Nyuma, sproketi kubwa ndiyo nyepesi.

Usiikariri kwa ukubwa. Simama nyuma ya baiskeli uitazame cheni. Mbele, sproketi ndogo iko upande wa ndani, karibu na fremu. Nyuma, sproketi kubwa nayo iko ndani, karibu na spoki. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa pande zote mbili: cheni ikisogea ndani, gia inakuwa nyepesi, ikisogea nje, inakuwa nzito. Wanafunzi wangu wakishaliona hilo kwa macho yao hawalisahau tena.

Nina ombi dogo kuhusu maneno. Achana na "gia kubwa" na "gia ndogo". Mmoja akisema gia kubwa anamaanisha sproketi kubwa, mwingine anamaanisha gia ya mwendo wa kasi, na mnaweza kubishana mchana kutwa. "Nyepesi" na "nzito" mguu unazielewa bila mkalimani.

Wenzo wa kushoto na wa kulia, upi ni wa nini?

Wenzo ni kile kidude cha kwenye usukani cha kubadilishia gia. Katika baiskeli nyingi mno wa kushoto ni wa sproketi za mbele, wa kulia ni wa sproketi za nyuma. Kama wenzo una namba, 1 ndiyo nyepesi kwa kila upande.

Mkono wa kulia ndio utakaofanya kazi siku nzima, kwa sababu hatua za nyuma ni ndogo ndogo: upepo umegeuka, barabara imeinuka kidogo, umechoka kidogo. Wa kushoto uutumie barabara inapobadilika tabia, kutoka tambarare kuingia kilima au kutoka kilima kuingia mteremko. Anayeanza namwambia aweke mbele kwenye sproketi ya kati, kisha wiki nzima aucheze mkono wa kulia peke yake.

Nitajuaje kwamba niko kwenye gia sahihi?

Sahau namba, isikilize miguu. Gia sahihi ni ile inayoiacha miguu izunguke kwa mwendo ule ule, barabara iwe inapanda, inashuka au imenyooka. Kwa nini mwendo ule ule? Kwa sababu mwili una mdundo wake unaouweza kwa muda mrefu, na gia zilibuniwa ili mdundo huo usivurugwe na barabara. Aliyelielewa hili ameelewa gia. Hayo mengine yote ni ufundi wa mikono.

Mdundo wenyewe unaweza kuupima. Hesabu mara ngapi goti la kulia linapanda juu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Waendeshaji wazoefu wengi huangukia kati ya 80 na 95 kwa dakika. Asiyezoea huzungusha 50 au 60, akiamini kwamba kuzungusha polepole ni kupumzika, kumbe kila mzunguko unamtoza nguvu nyingi zaidi. Usirukie 90 siku ya kwanza. Kama unazungusha 55, tafuta 65 wiki hii, halafu 70.

Ukiwa kwenye gia nzito mno, mabega yanayumba kushoto na kulia, unavuta usukani kwa mikono, na maumivu yanakaa mbele ya goti. Ikiwa nyepesi mno, makalio yanarukaruka kwenye kiti na miguu inazunguka bila kukutana na kitu.

Nibadili gia lini ninapofika kwenye kilima?

Mapema kuliko unavyodhani. Jibu la swali hili peke yake linaweza kumrudishia mtu hamu ya kuendesha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono polepole, kisha bonyeza wenzo mara moja na uinamie pale nyuma uangalie. Kihamisha cheni, kile chuma chenye vigurudumu viwili vidogo kinachoning'inia chini ya sproketi, kinaisukuma cheni pembeni. Pingili moja inagusa ncha ya jino la sproketi ya jirani, inateleza. Inagusa tena. Kisha jino linaishika, na pingili nyingine zote zinaifuata kama kondoo. Kwenye sproketi za kisasa utaona hata vijia vilivyochongwa ubavuni na meno yaliyofupishwa kwa makusudi, ili cheni ipate pa kupandia. Kazi yote hiyo inahitaji mambo mawili: cheni iwe inatembea, na isiwe imekazwa.

Sasa fikiria uko katikati ya kilima, umesimama juu ya pedali. Mguu unasukuma kilo 50. Sproketi ya mbele ina meno 28, ambayo nusu kipenyo chake ni kama milimita 57, wakati mkono wa pedali una milimita 170. Cheni inavutwa kwa mara tatu ya nguvu ya mguu: kilo 150. Na wewe unaitaka ikiwa hivyo iruke kutoka jino hadi jino.

Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilikata kona nikakuta kilima kikali, nami niko kwenye gia ya tambarare. Nikasimama juu ya pedali, na papo hapo nikabonyeza wenzo wa kushoto. Ulitoka mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjika, pedali ikapoteza uzito ghafla, na goti langu likaenda kugonga usukani. Cheni niliikuta imenasa kati ya sproketi ndogo na fremu. Mkwaruzo wa siku ile haujafutika kwenye rangi.

Fanya hivi. Ukikiona kilima, badilisha mbele kwanza ukiwa bado tambarare na mwendo bado unao. Kisha panda, na kila miguu inapoanza kuwa mizito, punguza gia moja nyuma. Moja moja, usibonyeze tatu kwa mpigo. Sekunde ile unapobonyeza, endelea kuzungusha lakini ulegeze mguu kidogo, kama unayekanyaga sakafu huku mtoto amelala. Nusu mzunguko inatosha. Utasikia cheni imekaa, kisha sukuma tena.

Na nikichelewa, nimeshakwama kwenye gia nzito katikati ya kilima?

Sukuma kwa nguvu mzunguko mmoja au miwili ili baiskeli ipate mwendo kidogo, kisha legeza nusu mzunguko na ubonyeze wenzo wakati huo huo. Kasi ile uliyoiiba itakubeba kwa hiyo nusu sekunde. Kama barabara ni pana na haina magari, kata kilima mshazari ili upunguze mwinuko, ubadilishe gia, halafu unyooke. Ikishindikana, shuka. Kushuka hakuna aibu na hakuvunji cheni.

Kwa nini nikiondoka baada ya kusimama baiskeli ni nzito sana?

Kwa sababu ulisimama kwenye gia uliyokuwa unakimbilia. Gia za kihamisha cheni hazibadiliki baiskeli ikiwa imesimama, kwa hiyo unapoanza kufunga breki ndipo punguza gia mbili au tatu huku ukiendelea kuzungusha. Ukisahau, inua baiskeli kwa kiti, bonyeza wenzo, na uzungushe pedali kwa mguu mpaka cheni ihame. Na usibonyeze nyenzo ovyo baiskeli ikiwa imeegeshwa. Waya utavutika lakini cheni haitaenda popote, na ukianza tu kukanyaga yote itajaribu kuruka kwa mara moja.

Je, baiskeli yangu ya gia 21 ina gia 21 kweli?

Sproketi 3 mbele mara 7 nyuma ni 21, hesabu hiyo haina ubishi. Lakini gia zilizo tofauti kweli ni chache zaidi. Chukua mpangilio unaopatikana kwenye baiskeli nyingi: mbele meno 28, 38 na 48, nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Gawanya 28 kwa 16 upate 1.75. Gawanya 38 kwa 22 upate 1.73. Gawanya 48 kwa 28 upate 1.71. Hizo ni gia tatu kwa jina, lakini hakuna mguu utakaozitofautisha. Na 28 kwa 14 ni 2 kamili, sawasawa na 48 kwa 24.

Usijione umeibiwa. Sproketi tatu za mbele ni kama ngazi tatu zilizosimamishwa zikipishana kidogo: moja ya milimani, moja ya safari za kawaida, moja ya mteremko na upepo wa mgongoni. Kupishana huko kunakuwezesha kubaki kwenye ngazi moja kwa muda mrefu bila kugusa mkono wa kushoto. Cha kuangalia zaidi ni upana, yaani umbali kati ya gia nyepesi kabisa na nzito kabisa. Hapa ni kutoka 1 hadi 3.43.

Kwa hiyo gia nyingi si lazima ziwe bora?

Si lazima. Kuna baiskeli zenye sproketi moja tu mbele, tuseme ya meno 32, na nyuma sproketi 10 au 11 kuanzia meno 11 hadi 42. Gia yake nyepesi ni 0.76 na nzito ni 2.91, upana wa mara 3.8, zaidi ya ile ya gia 21 yenye mara 3.4. Haina wenzo wa kushoto kabisa. Unachopoteza ni ulaini wa hatua: kutoka gia moja hadi nyingine miguu inaruka zaidi. Kwa anayeanza, au anayeishi penye vilima vingi, mimi huipendekeza hiyo bila kusita. Anayekimbia na kundi kwenye lami kwa saa nyingi atapenda hatua za karibu karibu, na ana haki yake.

Nimeambiwa nisiweke cheni upogo. Maana yake nini?

Ni pale cheni inapokaa kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, au ndogo ya mbele na ndogo ya nyuma. Kwa kuwa moja iko nje na nyingine ndani, cheni inakatiza mshazari. Pingili zinasuguana ubavuni, utasikia mkwaruzo, na kila kitu kinalika haraka.

Hizo mbili hazina hatari sawa. Kubwa kwa kubwa inaweza kuvuta kihamisha cheni mpaka kikanyooka kabisa, na kama cheni ilikatwa fupi mno, kitu kitavunjika. Ndogo kwa ndogo inailegeza cheni tu ikawa inapigapiga. Na zote mbili huzihitaji: ukirudi kwenye mpangilio wa gia 21 niliouandika juu utaona karibu kila gia ya upogo ina pacha wake aliyenyooka kwenye sproketi ya kati.

Gia zinajibadili zenyewe, au cheni inapiga kelele bila kutulia. Ni lazima niende kwa fundi?

Mara tisa kati ya kumi tatizo ni waya uliolegea, na hilo unaweza kulimaliza mwenyewe kwa vidole. Waya mpya hujivuta kidogo wiki za mwanzo, na ganda lake nalo hujikaza, basi kihamisha kinabaki nyuma ya pale wenzo unapokiambia kiwe.

Pale waya unapoingia kwenye kihamisha cha nyuma kuna kinati kinachozungushwa kwa mkono. Weka baiskeli gurudumu la nyuma likiwa juu, zungusha pedali, anza kwenye sproketi ndogo kabisa, kisha bonyeza wenzo mara moja. Cheni ikisita kupanda sproketi ya pili, waya umelegea: kitazame kinati kutoka nyuma ya baiskeli na ukizungushe kinyume cha saa, robo mzunguko. Jaribu tena. Ikiruka mpaka ya tatu, au ikikwaruza inayofuata, umekaza mno, rudisha robo. Robo robo mpaka kelele ife. Hiyo dakika cheni inaponyamaza ghafla ni tamu kweli.

Kuna skrubu mbili ndogo pia, mara nyingi zenye herufi H na L. Hizo ni mipaka: H inazuia cheni isianguke nje ya sproketi ndogo, L inaizuia isiingie kwenye spoki. Kama cheni haianguki popote, usiziguse. Nimeona watu wakizikaza na kuzilegeza wakitafuta kelele ambayo ilikuwa kwenye waya, wakaishia na matatizo mawili.

Cheni ikichomoka mbele, ni lazima nichafue mikono?

Mara nyingi hapana. Ikiangukia ndani, weka wenzo wa kushoto upande wa sproketi kubwa na uzungushe pedali mbele taratibu. Ikiangukia nje, weka upande wa ndogo. Kihamisha cha mbele kitaiokota. Ukihisi pedali imekaza, acha hapo hapo, usilazimishe. Shuka uivute kwa mkono.

Gia za ndani ya habu zina tofauti gani?

Nje unaona sproketi moja mbele na moja nyuma, cheni imenyooka daima. Gia zenyewe zimefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma: gia ndogo ya katikati, nyingine kadhaa zinazoizunguka, na pete yenye meno kwa ndani inayozifunika. Kampuni ya Sturmey-Archer, iliyoanzia Uingereza, imekuwa ikitengeneza habu za gia tatu tangu mwanzo wa karne ya 20, na habu yake maarufu ya AW bado inatembea chini ya baiskeli nyingi za zamani. Gia ya kati ni moja kwa moja, yaani gurudumu linazunguka sawa na sproketi ya nyuma, nyepesi ni robo tatu ya hiyo, nzito ni theluthi moja zaidi. Upande mwingine wa ngazi kuna Rohloff ya Ujerumani: gia 14 kwa upana wa mara 5.26.

Kuziendesha ni kinyume cha niliyosema juu. Hizi unaweza kubadili ukiwa umesimama, na ukiwa mwendoni unaacha kukanyaga kidogo, unabonyeza, kisha unaendelea. Hazipendi kubadilishwa chini ya nguvu. Matope na mvua haziingii kirahisi, cheni inadumu. Ila gurudumu ni zito, na kuziba pancha ya nyuma kunahitaji subira.

Baiskeli yangu haina gia kabisa. Ninaweza kuifanya iwe nyepesi?

Ina gia, ila ni moja. Na hiyo moja unaweza kuichagua. Hesabu meno: tuseme 44 mbele na 18 nyuma, ni 2.44. Ukibadilisha friwili (sproketi ya nyuma) ya meno 18 ukaweka ya 22, inakuwa 2, na nguvu inayotakiwa mguuni inapungua kwa asilimia 18. Utahitaji kuongeza cheni kama pingili mbili, au kusogeza gurudumu mbele ikiwa nafasi ipo. Kwenye tambarare utakuwa na kasi ndogo kidogo: kwa mizunguko 70 kwa dakika na mzingo wa mita 2.1, kutoka kilomita 21.5 kwa saa hadi 17.6. Kwa anayebeba mzigo kila siku, mimi naona ni biashara nzuri.

Ni kweli wanariadha wa zamani walipanda milima bila gia?

Walikuwa nazo mbili. Gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Mwanariadha akifika chini ya mlima alishuka, akalegeza nati, akalitoa gurudumu, akaligeuza, akalifunga tena, akapanda. Juu alishuka tena na kuligeuza kwa ajili ya mteremko.

Kihamisha cheni kilikuwa tayari kipo. Huko Saint-Étienne, Ufaransa, Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, aliipigania baiskeli ya gia kwa miaka mingi. Lakini Henri Desgrange, muasisi wa Tour de France, aliamini kwamba gia zinamfanya mtu kuwa dhaifu, na mbio zake zilizoanza mwaka 1903 hazikuwaruhusu wanariadha wa timu kubwa kutumia kihamisha cheni mpaka 1937. Mwaka huo huo Roger Lapébie akashinda akiwa nacho. Huwa namkumbuka Desgrange ninapomsikia mtu akisema gia nyepesi ni ya wavivu.

Wenzo unaotoa mlio wa "tak" kwa kila gia ulienea katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Shimano ya Japani ilipouleta sokoni. Kabla ya hapo uliuvuta wenzo laini na kuitafuta gia kwa sikio.

Nitajuaje cheni imekwisha?

Ipime kwa rula. Pingili moja, kutoka pini hadi pini, ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.3, badilisha cheni. Zikifika 308 umechelewa: cheni iliyorefuka imeshayachonga meno kwa kipimo chake, na ukiweka mpya itaruka kwenye sproketi za zamani. Cheni ni rahisi kuliko sproketi, basi iwahi.

Oili iweke tone moja moja juu ya kila rola (kile kipipa kidogo katikati ya pingili), zungusha, subiri, kisha futa yote inayoonekana nje kwa kitambaa. Inayobaki nje haisaidii kitu, inakusanya mchanga. Grisi nzito usipake. Na ukinunua cheni, taja idadi ya sproketi za nyuma, kwa sababu cheni ya sproketi 7 au 8 ina upana wa kama milimita 7.1 na ya 11 ina 5.5 hivi.

Baiskeli iliangukia upande wa kulia, na tangu hapo gia zinagoma. Kinati hakisaidii.

Usizungushe kinati tena. Kihamisha cha nyuma kimefungwa kwenye kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikana na fremu, na kipande hicho kimetengenezwa makusudi kipinde ili fremu isipinde. Simama nyuma ya baiskeli uvitazame vile vigurudumu viwili vidogo. Vinapaswa kuwa wima, chini ya sproketi iliyoshika cheni, kama uzi mmoja. Kama cha chini kimeinama kuelekea kwenye spoki, kipande kimepinda. Fundi mwenye kifaa cha kukinyoosha atakinyoosha, au atakibadilisha ikiwa fremu yako ina kile kinachofunguliwa.

Mpaka hapo, sproketi kubwa ya nyuma usiiguse kabisa, hata ukikutana na kilima. Kihamisha kilichopinda kikifika kule ndani kinaweza kuingia kwenye spoki gurudumu likiwa linazunguka, na spoki zitakivuta juu pamoja na cheni yake. Weka gia ya katikati, iache hapo, na uendeshe taratibu mpaka kwa fundi.